Kutoka gogo hadi faiba: mtumbwi wa Ziwa Albert na kalibu ya wazee wetu

1. Utangulizi

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuandika juu ya ndoa, ngoma, majina ya ukoo na chakula cha zamani. Safari hii tunaleta habari ya kitu ambacho wengine watasema hakina uhusiano na mila: faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini na kugandishwa ndani ya kalibu. Kijana mmoja wa kartie alipotusikia tukitaja kichwa hiki alicheka, akasema: "Wazee, hiyo ni mambo ya wazungu." Tukamwambia asome kwanza mpaka mwisho, kisha tuongee.

Sisi wa Ngezi hatuoni ziwa tukisimama mlangoni mwetu. Kasenyi iko kama kilomita 60 kutoka Bunia, kule chini, ukishamaliza kushuka milima. Lakini samaki wa ziwa anafika jikoni kwetu, na karibu kila nyumba iko na ndugu aliyewahi kuvuka maji yale. Mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati wa mauaji ya Djugu, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Uganda kwa mitumbwi, wengi wao wakipandia Tchomia na Joo. Na tarehe 22 Machi 2014, boti iliyojaa kupita kiasi, iliyobeba wakimbizi wa kwetu waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka Uganda, ilizama katika ziwa hilohilo. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wengi wakiwamo.

Basi tunapouliza mtumbwi umetengenezwa kwa kitu gani, hatuulizi habari ya ufundi peke yake. Tunauliza habari ya maisha ya watu.

2. Ziwa lisilo na miti

Tuanze na historia. Ziwa Albert lina urefu wa kama kilomita 160 na upana wa kama kilomita 30. Lina samaki wengi, lakini lina shida moja ya zamani: pwani yake ni kavu, nyasi nyingi, miti mikubwa hakuna. Msitu uko mbali, upande wa magharibi, mtu akipita Irumu na kuelekea Mambasa. Ukitaka mtumbwi ziwani, lazima mti utoke mbali.

Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker na mke wake Florence walifika upande wa mashariki wa ziwa. Vyombo walivyopewa vilikuwa magogo yaliyochongwa, kila mtumbwi mti mmoja. Ndiyo teknolojia ya wakati ule, na haikuwa ya kudharau. Gogo halina kiungo cha kuvuja wala msumari wa kushika kutu. Ubaya wake ni kwamba mti mzima unaisha kwa mtumbwi mmoja, na sehemu kubwa ya mti inabaki chini kama vipande vya kuni.

Kisha ikaja hadithi ambayo watu wa Ituri wanapaswa kuijua vizuri. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita msitu wetu akienda kumtafuta Emin Pasha. Alikuwa na wapagazi Wazanzibari zaidi ya 600, ndugu zetu kwa lugha hii tunayoandika. Walibeba boti ya chuma iliyoitwa Advance. Urefu wake ulikuwa futi 28, kama mita 8 na nusu. Ilitengenezwa Uingereza kwa vipande 12, na kila kipande kilikuwa na uzito wa kama kilo 34.

Njaa na magonjwa vilipozidi msituni, waliiacha boti njiani, pale Ipoto, kwenye kambi ya Wamanyema. Mwezi wa Desemba 1887 Stanley akafika ziwani bila boti. Alipofika akakuta mitumbwi midogo tu, na karibu yake hakuna mti wa kuchonga mtumbwi mkubwa. Unaona? Mtu amepita msitu miezi mitano, miti imemfunika kichwa mpaka hakuona jua, halafu anafika kwenye maji anakosa mti mmoja! Ikabidi arudi nyuma mpaka msituni, ajenge ngome ya Fort Bodo, atume watu waende kuchukua boti Ipoto. Mwezi wa Aprili 1888 ndipo Advance ikaingia majini, na Jephson, mmoja wa maofisa wake, akaenda nayo mpaka kwa watu wa Emin. Tarehe 29 Aprili Emin mwenyewe akaja na meli yake ya mvuke, Khedive.

Hatusemi hayo ili kumsifu Stanley. Safari ile ilichoma vijiji na kuchukua chakula kwa nguvu, na wapagazi wengi walikufa. Tunasema hivi sababu hadithi yenyewe inafundisha jambo moja: kwenye ziwa letu, uzito wa kitu na umbali wa mahali kinapotoka ndivyo vinavyoamua nani atavuka. Tena tukumbuke kitu kingine, tutakirudia mbele: vipande vya mbele na vya nyuma vya Advance vilifunikwa na kuzibwa kabisa, maji yasiingie, ili boti ikipata ajali iendelee kuelea.

3. Mbao, misumari na kopo

Wakati wa Wabelgiji, Kasenyi ilikuwa bandari yenye shughuli nyingi. Meli zilienda na kurudi kutoka Butiaba, upande wa Uganda, ikiwamo meli ya mvuke Robert Coryndon iliyoanza kazi mwaka 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli ile ikaishia majini palepale. Chuma kilitufaa, lakini chuma kinataka karakana, rangi na mafundi wa kuchomelea. Mvuvi wa kawaida hakuwa na vitu hivyo.

Mvuvi alichukua njia ya mbao. Badala ya kumaliza mti mzima kwa mtumbwi mmoja, mti unapasuliwa mbao, na mbao zinaunganishwa kwa misumari. Hiyo ndiyo mitumbwi ambayo wengi wetu tumeipanda. Mafundi wake ni watu wenye akili sana. Hawachori kwenye karatasi. Jicho ndilo linalopima, na mkono unajua mahali ubao unapopaswa kupinda. Fundi mzuri ukimuuliza kwa nini ameinua mbele namna hii, atakuambia: "Wimbi la hapa ni fupi, linapiga haraka." Hiyo ni elimu.

Lakini mtumbwi wa mbao unavuja kwenye viungo. Fundi anaziba kwa pamba na kupigilia vipande vya mabati juu yake, na bado safarini lazima mtu mmoja akae na kopo akitoa maji. Ubao unakunywa maji na mtumbwi unazidi kuwa mzito. Msumari unakula kutu, tundu linapanuka. Chini panaoza. Baada ya miaka michache fundi anabadilisha ubao, kisha mwingine, mpaka mwenyewe anaona heri atengeneze mpya. Na kila mpya ni mti mwingine kutoka msituni, kwenye msitu uleule ambao sehemu yake ni Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992.

4. Udongo na nyasi: wazee walijua

Sasa tutoke kidogo majini turudi hapa Ngezi, sababu bila hatua hii faiba itaonekana kama uchawi.

Nani kati yetu hajaona nyumba ya miti na udongo ikijengwa? Vijiti vinasimamishwa, fito zinafungwa, kisha watu wanakanyaga udongo kwa miguu, wanachanganya na nyasi zilizokatwakatwa, wanakandika. Mtoto akiuliza nyasi za nini, mzee anajibu: "Zinashika." Ni kweli kabisa. Udongo peke yake ukikauka unasinyaa na kupasuka. Ufa ukianza, unakimbia mpaka mwisho wa ukuta. Lakini ufa ukikutana na nyasi unakwama, sababu unyasi unashika pande mbili za ufa zisiachane. Kwa upande wake, nyasi peke yake haziwezi kuwa ukuta, zinalala chini. Udongo ndio unaozisimamisha na kuzikinga na moto.

Ghala ya nafaka iliyosukwa na kukandikwa udongo ni akili hiyohiyo. Sakafu iliyosiririwa samadi ya ng'ombe, kwa ndugu zetu wafugaji, ni akili hiyohiyo, maana ndani ya samadi mna nyuzi nyembamba za majani aliyokula ng'ombe. Na matofali mabichi? Pale tunaongeza kitu cha tatu: kalibu. Mtu anatengeneza kisanduku kimoja cha mbao, na kisanduku hicho kinazaa matofali maelfu yenye sura moja.

Kwa hiyo mambo ni matatu: uzi unaovumilia kuvutwa, uji unaoganda na kushikilia uzi, na kalibu inayotoa sura. Faiba ni mambo hayo matatu, si zaidi. Kilichobadilika ni kwamba badala ya unyasi kuna uzi wa kioo, na badala ya udongo kuna resini.

5. Kioo kinawezaje kuwa na nguvu?

Wengi watauliza: kioo si ndicho kinachovunjika? Kioo cha dirisha kinavunjika sababu juu yake kuna mikwaruzo midogo sana isiyoonekana, na ufa unaanzia hapo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba uzi wa kioo ukizidi kuwa mwembamba, nguvu yake inazidi, maana nafasi ya mikwaruzo mikubwa inapungua. Uzi wa kazi ya faiba ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa.

Kufuma kioo si jambo la jana. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Marekani, kampuni ya Edward Libbey ilionyesha gauni lililofumwa kwa nyuzi za kioo na hariri. Lilikuwa la maonyesho, halikufaa kuvaliwa kila siku. Miaka ya 1930, hukohuko Marekani, ndipo ilipatikana njia ya kutengeneza nyuzi hizo kwa wingi na kwa bei ya kawaida. Resini ya poliesta nayo ilipatikana miaka hiyohiyo. Vitu viwili vikakutana. Kufikia mwaka 1942 Ray Greene alikuwa ametengeneza boti ya faiba, na mwaka 1953 gari la Chevrolet Corvette likatoka na bodi ya faiba. Leo hata mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo yanatengenezwa hivyo.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kwanza mafundi wanatengeneza mtumbwi wa mfano, mara nyingi wa mbao, na kuusugua mpaka ulainike kabisa. Juu ya mfano huo wanajenga kalibu. Kalibu ikishatolewa, ndani yake wanapaka nta ili kitu kisigandamane nayo. Kisha wanapaka safu ya kwanza ya resini yenye rangi. Hiyo ndiyo itakuwa ngozi ya nje. Baadaye wanatandika nyuzi zilizoshikamanishwa kama mkeka, wanamwagia resini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, kama sehemu 1 au 2 kwa 100, na kubingirisha rola ili hewa itoke. Mkeka juu ya mkeka, mpaka unene utoshe. Wanaacha kigande. Kesho yake wanachomoa mtumbwi mzima, kama tofali linavyochomolewa kwenye kisanduku.

6. Faida zake kwa mvuvi

Tuzihesabu faida moja moja, bila kutia chumvi.

Ya kwanza, hakuna kiungo. Mtumbwi wote ni kipande kimoja kama lile gogo la zamani, ila mti mzima haukuisha. Mahali pa kuvuja pamepungua sana, na yule mtu wa kopo anaweza kushika wavu.

Ya pili, hauozi, hauliwi na wadudu na haushiki kutu.

Ya tatu, ni mwepesi. Kwa kipimo kilekile cha ukubwa, chuma ni kizito mara nne au zaidi kuliko faiba. Na faiba iliyotengenezwa vizuri hainywi maji kama ubao. Chombo chepesi kinavutwa mchangani na watu wachache, na motere inakunywa mafuta kidogo. Kwa ziwa ambalo mafuta yanakuja na magari kutoka juu ya milima, hilo si jambo dogo.

Ya nne, kalibu moja inatoa mitumbwi makumi, yote sawa. Ukijua mmoja unabeba watu wangapi kwa usalama, umejua yote.

Ya tano, ukitoboka unatengenezeka. Unasugua mahali palipoumia, unakausha, unabandika mikeka mipya yenye resini, kesho yake unarudi majini. Mafundi wa bodi za magari wanajua kazi ya namna hii. Mikono ipo.

Mahali pengine katika Afrika Mashariki jambo hili halishangazi tena. Tanzania bara na Zanzibar, serikali zimewapa vikundi vya wavuvi boti za faiba kwa mkopo, na mvuvi wa kule anataja "boti ya faiba" kama sisi tunavyotaja baiskeli.

7. Ubaya wake tusiufiche

Mzee akikusifia ng'ombe bila kusema kilema chake, anataka kukuuzia. Sisi hatuuzi kitu.

Resini na nyuzi vinatoka nje, bei yake ni dola, na resini ikikaa miezi mingi kwenye joto inaharibika dukani. Harufu yake ni kali na moshi wake si mzuri kwa mapafu. Kazi ifanyike mahali penye hewa. Vumbi la kioo linawasha ngozi na kuumiza kifua, kwa hiyo glavu na kinga ya pua ni lazima. Ile dawa ya kugandisha ikiruka jichoni inaweza kupofusha, tena inashika moto haraka. Mtumbwi wa mbao ukizeeka unakuwa kuni. Wa faiba ukizeeka hauozi, na kuuchoma ni kujitafutia moshi wa sumu. Na ukiburutwa kila siku juu ya mawe, tumbo lake linachubuka, ndiyo maana inafaa kuweka ubao chini yake uchakae badala yake.

Lakini ubaya mkubwa kuliko yote ni huu: ubao ukijaa maji bado unataka kuelea; faiba yenyewe, ikijaa maji, inazama. Hapo ndipo tunarudi kwa Advance ya mwaka 1888. Kila mtumbwi wa faiba lazima uwe na vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma, au vilivyojazwa povu gumu, ili ukipinduka watu wapate cha kushika. Fundi akiacha vyumba hivyo ili apunguze bei, ametengeneza jeneza. Na hata fundi akifanya yote vizuri, hakuna kitu kitakachookoa chombo kilichopakiwa watu mara mbili ya kipimo. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Sisi tunaongeza kwamba kujaza kupita kiasi ndiko kunakouondoa usukani huo.

8. Kalibu ya mzee

Sasa tumefika kwa yule kijana aliyecheka. Tulisema mtumbwi wa mfano, ule unaozaa kalibu, mara nyingi ni wa mbao. Nani atautengeneza? Kalibu ikinunuliwa mbali, itakuja na sura ya maji ya mbali, labda ya bahari yenye mawimbi marefu. Maji yetu ni mengine. Anayejua sura inayofaa Kasenyi na Tchomia ni yule mzee anayepima kwa jicho.

Wazee hawa wamepungua. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na vurugu zilizorudi baadaye, vilitawanya familia za pwani. Wengine walivuka hawakurudi. Vijana wengi wanaona pikipiki inaleta pesa haraka kuliko randa. Mzee akienda bila mwanafunzi, mitumbwi yake inaoza baada ya miaka michache, na baada ya hapo hakuna mahali popote ambapo unaweza kuona mkono wake ulifanya nini.

Hapo tunaona faida ya faiba ambayo wauzaji hawaisemi. Ukichukua mtumbwi bora wa mzee ungali mzima, ukausugua na kuutolea kalibu, sura ile inabaki. Mjukuu wake atautoa mtumbwi uleule, pua ileile, tumbo lilelile, hata kama hajawahi kushika shoka.

Kwa hiyo maoni yetu kwa shirika za utamaduni, kwa vikundi vya wavuvi na kwa shule za ufundi za Bunia ni haya. Kabla ya kutafuta pesa za resini, tushuke ziwani tukae na mafundi wa mbao. Tupime mitumbwi yao na tuandike sababu wanazotoa: kwa nini mbele pameinuka, kwa nini nyuma pamekatwa. Tuwaombe wachague wao wenyewe ule ulio bora. Jina la fundi liandikwe ndani ya kalibu, ili kila mtumbwi utakaochomolewa utoke na jina lake. Kisha vijana wa garaji na wazee wa randa wafanye kazi pamoja, wa kwanza wakileta resini na wa pili wakileta sura.

Wazee wetu walipochanganya nyasi na udongo hawakuuliza kama ni mambo ya nani. Waliuliza kama ukuta utasimama. Nasi tuulize kama mtumbwi utafika.